Majina Matano

Fomu zilikuwa nane, na Bwana Chenge, mwenyekiti wa mtaa, alizigawa mwenyewe moja moja, kama mtu anayegawa sadaka ambayo hataki ionekane. Mabalozi wa nyumba kumi walikuwa wamebanana kwenye mabenchi mawili ya ofisi yake, pale Igoma, nyuma ya maduka ya mbao. Mboni alipoipokea yake aliigeuza mbele na nyuma akitafuta maelezo, asiyaone. Palikuwa na muhuri, palikuwa na namba, halafu jedwali lenye mistari mitano. Jina. Umri. Kabila. Dini. Kazi. Safu ya mwisho ilikuwa pana kuliko zote: Sababu ya kutiliwa shaka.

"Mmesikia redioni yaliyotokea mpakani," Chenge alisema. "Kituo cha polisi kimevamiwa, watu wamekufa. Serikali haitaki kungoja moto ufike mlangoni. Gaidi wa siku hizi haji na bendera. Anapanga chumba, ananunua nyanya, anasalimia wazee. Kwa hiyo kila balozi ataniletea majina matano. Ijumaa, saa nne asubuhi. Bwana Josephat wa wilayani atakuja kuyachukua mwenyewe."

Mboni alinyoosha mkono. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita wa ubalozi, na watu wa nyumba zake kumi walimchagua kwa sababu moja tu: alijua kusikiliza ugomvi mpaka ukachoka wenyewe.

"Mwenyekiti, na kama balozi hana?"

"Hana nini?"

"Hana wa kumtilia shaka."

Wenzake wakacheka. Ngosha, balozi wa upande wa pili wa barabara, akageuka kwenye benchi la mbele. "Shemeji, mwandike mumeo. Mzaramo aliyezaliwa Mwanza, akazeekea Mwanza, na mpaka leo hajui kula michembe, viazi vyetu vya kukausha. Huyo ametumwa."

Wakacheka tena, na Mboni naye akacheka. Babu wa mumewe, Rahim, alikuja na reli kutoka Pwani, na kwa kuwa Wasukuma na Wazaramo ni watani, Ngosha alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Mama yake Rahim alipofariki, Ngosha aliingia kaburini akalala chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Rahim alimpa jogoo huku machozi yanamtiririka na kicheko kimemkaba. Ndivyo watani wanavyozikana. Karakana ya Rahim ilikuwa upande wa Ngosha, na hakuna siku iliyopita bila Ngosha kupitia pale, akikanyaga vipande vya mabomba na kumtukana mtani wake kwa mapenzi.

Chenge hakucheka. "Mwezi uliopita nilisimamishwa kwenye kikao cha kata. Nikaulizwa, mtaa wa watu mia tano, hakuna hata mmoja? Nikasema hakuna. Walinicheka kama mnavyocheka nyie sasa. Sitasimama vile tena. Balozi asiye na majina ana siri."

*

Habari ya fomu ilifika mtaani kabla ya Mboni kufika nyumbani. Hakujua nani alisema. Alichojua ni kwamba kesho yake, alipokwenda bombani na ndoo zake mbili, foleni ilipasuka katikati.

"Pita mbele, Balozi," alisema mama mmoja.

"Nimekuta watu. Nitangoja."

"Hapana, pita tu. Wewe una kazi nyingi."

Alipita kwa sababu kukataa kungekuwa maonyesho. Maji yalipokuwa yakijaza ndoo hakuna aliyezungumza nyuma yake. Roza, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, muuza samaki kutoka Mara, ambaye kila asubuhi alimwuliza kama Rahim bado anakoroma kama injini ya boti, siku hiyo alimsalimia kwa cheo.

"Shikamoo, Balozi."

"Roza, tangu lini? Si wewe ndiye mkubwa kwangu?"

"Umri ni umri, na cheo ni cheo," Roza akajibu, akatazama ndoo yake.

Jioni walianza kuja. Wa kwanza alikuja na mayai kumi kwenye mfuko, akasema kuku wake wametaga kupita kiasi. Wa pili alileta jina: kijana wa duka la simu, kisa hafungi duka mpaka saa sita usiku. Mwanamke mmoja wa nyumba ya saba alileta jina la mwanamke mwingine, na Mboni alipomwuliza sababu, akasema, "Wewe andika. Mume wangu anaijua sababu."

Najat, binti yake aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuo cha ualimu, alikuwa akisikiliza yote kutoka jikoni. Mgeni wa mwisho alipoondoka, alitoka amejifunga kanga kifuani na mwiko mkononi. "Mama, haya mayai tunayala?"

"Yarudishe."

"Yote yalikotoka?"

"Yote. Na useme asante."

Rahim, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka anakula, aliinua kichwa. "Nawe ungewaambia watu kwamba hutaandika mtu. Wangelala."

"Nikisema siandiki, Chenge atajua kabla ya isha. Niache nifikirie."

"Fikiria," Rahim akasema, "lakini usifikirie mpaka ukafika kwenye jibu la Chenge."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi walimchukua Rahim.

Mboni alikuta karakana imefungwa kwa mnyororo usio wao. Fundi wa magurudumu wa jirani alimweleza: gari moja, polisi wanne, mmoja amevaa kiraia. Walimkuta Rahim ameinama anaunga waya. Yeye kazi yake ni taa za dagaa. Anachukua bomba la plastiki, anaweka betri ndani, anafunga kwa gundi ya moto ili maji yasiingie, na juu yake taa ndogo za kumulika majini. Wavuvi wanaziweka juu ya maboya, dagaa wanaufuata mwanga, nyavu zinashushwa. Mwambao mzima unajua. Wale polisi hawakujua, au hawakutaka kujua. Walibeba taa kumi na mbili zilizokuwa tayari, wakazishika kwa ncha za vidole, kama mtu anavyobeba nyoka aliyekufa ambaye hana uhakika amekufa.

Kituoni Mboni alisimama kaunta nusu saa kabla ya askari kumtazama.

"Mume wako anahojiwa."

"Kwa lipi?"

"Kuna taarifa."

"Ya nani?"

"Mama, taarifa haina mwenyewe. Nenda kwa mwenyekiti wenu wa mtaa, alete barua kwamba anamfahamu. Bila barua hatuna pa kuanzia."

"Naweza kumpa chakula?"

Askari akafunua kontena alilokuja nalo Mboni, akachokonoa wali kwa kalamu mpaka chini, akautazama kama anayetegemea kuona kitu. "Haya. Acha hapo."

Mboni aliacha. Alipofika mlangoni aligeuka, akakiona kile chakula bado pale kaunta, kimevurugwa, nzi mmoja ameshatua.

*

Chenge alikuwa peke yake ofisini. Alipomwona aliinuka, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Pole, Mama Najat."

"Nataka barua."

"Keti kwanza."

"Nimekaa sana kituoni. Nataka barua tu, mistari miwili. Unamfahamu Rahim tangu mkiwa darasa la nne."

Chenge alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mbele yake bila kusema neno. Ilikuwa fomu ya Ngosha. Ngosha alikuwa na safari ya Bujora, kwenye posa ya mpwa wake, kwa hiyo alirudisha fomu mapema, Jumatano, na Chenge akaipiga picha papo hapo akamtumia Josephat, ili mtaa wake uonekane umechangamka. Mboni alishuka na kidole mpaka mstari wa tano. Rahim. Mzaramo. Mwislamu. Fundi. Na pale kwenye safu pana, kwa mwandiko mkubwa wa Ngosha: Anatengeneza mabomu ya kuulia dagaa.

Alisoma mara mbili. Aliisikia kabisa sauti ya Ngosha ndani yake, na kile kicheko ambacho kingefuata.

"Mwenyekiti, huu ni utani."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi Msukuma, Mama Najat. Nilipoisoma nilicheka mpaka nikakohoa. Nikajua Ngosha alibakiwa na mstari mmoja, akaujaza kwa mtani wake. Lakini nilishaituma. Wilayani hawakucheka."

"Basi wapigie, waeleze."

Chenge alijifuta uso kwa kiganja. "Niwaeleze nini? Kwamba mtaa wangu unaleta masihara kwenye usalama wa taifa? Halafu nimtetee nani, mume wa balozi pekee aliyesema hana wa kumtilia shaka? Jiweke kwenye kiti changu. Sina ubaya na wewe. Lete majina yako matano kesho, kama wenzako. Nikishayapokea, barua nakuandikia pale pale mezani. Josephat ataiona, atajua familia hii iko upande wa serikali. Saa saba Rahim anakula kwake."

"Na hao watano watakula wapi?"

"Watahojiwa tu. Asiye na kosa anarudi."

"Kama Rahim."

Chenge akaitazama droo, akaifunga.

*

Alasiri ile Mboni aliketi kwenye kiti cha plastiki uani, fomu imetandikwa juu ya ubao wa kukatia mboga. Jua lilikuwa bado kali. Aliwaza kwa utaratibu, kama anavyowaza anapogawa chakula kisichotosha. Mwenye watoto wadogo, hapana. Mwenye mama mgonjwa, hapana. Roza, haiwezekani. Kijana wa duka la simu ana baba mwenye presha. Kila nyumba aliyoiingia kwa fikra, alikuta mtu ambaye angebaki mlangoni analia.

Ndipo akamkumbuka Nathaniel. Alikuwa fundi viatu, amepanga chumba cha nyuma nyumba ya tisa, na kwa miaka mitatu hakuna aliyejua alikotoka. Hasalimii mpaka asalimiwe. Haendi msibani ila kwa kuchanga. Nathaniel akichukuliwa, hakuna atakayekuja kaunta na kontena la wali.

Kalamu ilikuwa inaandika kabla hajamaliza kuwaza. Nathaniel. Miaka hamsini. Kabila halijulikani. Mkristo. Fundi viatu. Kwenye safu ya mwisho mkono ulisita, halafu ukaandika: Hana ndugu anayejulikana.

Hakumsikia Najat akija. Binti alisimama nyuma ya kiti, akasoma juu ya bega lake.

"Mama, kutokuwa na ndugu ni kosa?"

"Baba yako yuko ndani."

"Najua alipo."

"Basi usiniulize kama mwalimu. Niambie la kufanya."

Najat alizunguka, akachuchumaa mbele yake. Hakuwa msichana wa maneno mengi. Hata darasani, walimu wake walimlalamikia kwamba anajibu kwa kuandika tu. "Sina la kukuambia. Nami namtaka Baba. Ila nikienda kesho kushona viatu vyangu vya chuo, sijui nitamtazamaje."

Mboni alishika kalamu. Alichora mstari juu ya jina, halafu mwingine, halafu mwingine, mpaka karatasi ikatoboka. Fomu zilikuwa na namba. Hakuna aliyepewa mbili. Akaketi na ile karatasi yenye tundu mapajani, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakulia kwa ajili ya Rahim. Alilia kwa vile ilivyokuwa rahisi.

*

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, alipitia kwa Nathaniel. Alikuwa ameshatandika vifaa vyake kwenye kona ya njia, amekishika kiatu kati ya magoti, uzi mdomoni.

"Habari za asubuhi, fundi."

"Nzuri."

"Jana niliandika jina lako."

Nathaniel aliutoa uzi mdomoni. Mboni alimweleza yote akiwa amesimama, bila kupunguza: fomu, barua, chakula kaunta, na jinsi alivyowachuja watu mpaka akafika kwake. Alimwonyesha karatasi. Nathaniel akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga.

"Umeandika miaka hamsini."

"Ndiyo."

"Nina arobaini na nne."

"Nisamehe."

"Na kwa nini mimi?"

"Kwa sababu nilidhani hakuna ambaye angekuja kukuulizia."

Aliifikiria hiyo, akichoma sindano kwenye soli na kuivuta upande wa pili. "Nina dada. Yuko Ukerewe. Angekuja, na ungejuta, maana yule akianza kusema hata mbwa wanaingia ndani." Akamrudishia karatasi. "Ungeweza kunyamaza. Imeshafutika, nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Sasa unakwenda kuwaambia nini?"

"Kwamba sina."

"Na mumeo?"

Mboni aliikunja ile karatasi, akaondoka. Nathaniel alikata uzi kwa meno, akaweka kile kiatu kwenye sanduku na kulifunga. Alipoanza kutembea nyuma yake, hakusema anakwenda wapi.

*

Bwana Josephat alikuwa kijana kuliko walivyotegemea, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alipokea fomu moja moja, akazipanga kwenye meza, pembe kwa pembe. Madirisha ya ofisi hayakuwa na vioo, nyavu tu, na nje watu walikuwa wameanza kujazana: Roza na beseni lake, wanawake wa bombani, mafundi wa upande wa Ngosha waliokuta karakana ya mwenzao ina mnyororo. Chenge aliwaambia mara mbili watawanyike. Walirudi nyuma hatua mbili, wakasogea tatu.

Zamu ya Mboni ilipofika, alisimama, akaiweka fomu yake juu ya nyingine.

Josephat aliitazama. "Hii imechanika. Na mistari minne haina kitu."

"Ndiyo."

"Na hapa pameandikwa nini? Pamefutwa."

"Nilimsingizia mtu, nikamfuta. Pembeni nimetia sahihi yangu. Yuko pale dirishani, ukitaka kumwuliza."

Vichwa viligeuka. Nathaniel hakuinamisha chake.

"Balozi," Chenge alisema kwa sauti ya kusihi, "tulikubaliana."

"Uliniambia, Mwenyekiti. Hatukukubaliana." Akamgeukia Josephat. "Bwana mkubwa, nina nyumba kumi na watu sitini na watatu. Nawajua mpaka anayelala na njaa. Siku nikimwona mtu anayetaka kuua watu, sitangoja fomu. Nitakuja kwa miguu, hata kama ni mwanangu. Lakini nimeambiwa nilete watano. Sina watano. Sina hata mmoja. Nikikuletea watano wa uongo, na wa kweli akapita katikati yao, nani atakuwa amelindwa?"

Josephat akamtazama Chenge. "Watano? Nani kasema watano?"

Chenge alimeza mate. "Fomu ina mistari mitano, mheshimiwa."

"Ina mistari mitano kwa sababu karatasi iliishia hapo. Sisi tuliomba taarifa. Hatukuomba idadi."

Nje mtu alicheka kicheko kifupi, kikakatika. Ndani hapakuwa na aliyecheka. Mabalozi saba walikuwa wanatazama zile karatasi mezani.

"Basi nieleze," Mboni alisema, "mume wangu amelala ndani kwa idadi ya nani?"

Josephat alianza kupekua fomu akiutafuta mstari wenyewe, na hapo benchi la mbele likalia, Ngosha akasimama. Alikuwa amerudi kutoka Bujora alfajiri ile, bado amevaa suruali ya sherehe.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Niliyemwandika Rahim. Nilikuwa na wanne, mstari mmoja ukabaki. Ni mtani wangu. Nilijua atakayesoma atacheka."

"Uliandika mabomu kwenye fomu ya serikali ukitegemea tucheke?"

"Mwenyekiti alicheka," Ngosha akasema kwa unyonge, na Chenge akafunga macho.

"Hilo ni kosa la jinai, unajua?"

"Sasa najua."

"Na hao wanne wa mwanzo?"

Ngosha alisugua shingo. Alitazama dirishani, na dirishani wote walikuwa wanamtazama. "Wa kwanza alininyima njia ya kupitisha ng'ombe. Wa pili..." Akaigeukia meza. "Bwana mkubwa, naomba unirudishie ile karatasi."

Josephat hakuirudisha wala hakuizuia. Ngosha alinyoosha mkono mwenyewe, akaichomoa. Kisha balozi mzee wa kona ya kisima akakohoa, akasema na yeye yake ina kitu alichokisahau. Halafu mwingine. Mikono ilikuwa ikienda mezani na kurudi, bila haraka, kila mtu akitafuta mwandiko wake, mpaka ikabaki moja tu, yenye tundu.

"Hii naondoka nayo," Josephat alisema.

"Ichukue," Mboni akasema. "Ndiyo taarifa yenyewe. Na Mwenyekiti, barua yangu."

Chenge aliandika. Mkono wake haukuwa mwepesi, na alipofika kwenye muhuri alipiga mara mbili, maana mara ya kwanza ulikuwa mkavu.

*

Kituoni walifika wengi kuliko kaunta ilivyoweza kubeba. Askari aliwaambia wabaki wanne. Wakabaki Mboni, Najat, Ngosha na Nathaniel, na Roza akabaki wa tano akajifanya hajui kuhesabu. Simu ya Josephat ilikuwa imetangulia. Ngosha alitoa maelezo yake, yakaandikwa polepole, akayatia sahihi, akaambiwa ataitwa.

Ilikuwa imepita saa nane walipomtoa Rahim. Alikuwa amebeba viatu mkononi na kushikilia suruali, mkanda hawakuwa wamempa. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba. Najat alimkimbilia, akapokea viatu, akapiga magoti kumvalisha kama mtoto, na Rahim akamwachia, akiutazama utosi wake.

Kisha aliinua macho akamwona Ngosha. Ngosha aliufungua mkono, akiwa tayari kutukanwa. Alikuwa anangoja tusi kama mtu anavyongoja maji. Kwa tusi moja tu, hata dogo, mambo yangekuwa yamekwisha.

"Habari za leo, Bwana Ngosha," Rahim alisema.

"Nzuri," Ngosha alijibu, na mkono wake ukashuka taratibu.

Askari alisukuma karatasi juu ya kaunta. "Sahihi hapa, mchukue mkanda, mwende. Vielelezo vitarudi uchunguzi ukikamilika."

Rahim alichukua kalamu. Mboni akaiwahi karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, mdomo ukicheza. Ilisema kwamba yeye Rahim amekutwa na vifaa vya kutiliwa shaka, ameonywa, asirudie, na kwamba ataripoti kituoni kila Jumatatu mpaka atakapoambiwa vinginevyo.

"Afande, asirudie nini?"

"Mama, hiyo ni fomu ya kawaida. Kila anayetoka anasaini."

"Asirudie kutengeneza taa?"

"Usinichoshe. Mumeo huyo, hai, mzima. Wengine hapa wanatamani hiyo karatasi."

"Mama Najat," Rahim alisema kwa sauti ya chini. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Nimechoka. Tutie sahihi, twende."

Alimtazama mumewe. Aliona jicho, aliona suruali inayoshikiliwa kwa ngumi, akaona jinsi anavyoupima umbali wa mlango. Ingekuwa rahisi sana.

"Umefanya nini?" alimwuliza.

"Sijafanya kitu."

"Ukisaini hapa, umefanya. Na mwakani fomu zikija tena hawatahitaji mtani wa kukuandika. Watakuwa na sahihi yako." Akairudisha karatasi upande wa askari, akailainisha kwa kiganja isije ikasemwa ameikunja. "Tunaomba nyingine. Iandikwe alikamatwa kwa taarifa isiyo ya kweli, ameachiwa, na taa kumi na mbili ziorodheshwe."

"Hiyo mpaka mkuu wa kituo."

"Yuko wapi?"

"Ametoka. Na leo Ijumaa. Huenda asirudi mpaka Jumatatu."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Tutamngoja."

Askari alicheka, halafu akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. "Mama, mlango huo uko wazi. Watu wanalia humu wakitaka kutoka, wewe unataka kubaki?"

Mboni alikuwa ameshageuka. Kulikuwa na benchi la mbao chini ya dirisha, limechakaa, mguu mmoja mfupi. Akaketi, akakunja kanga juu ya magoti. Rahim alibaki amesimama katikati ya chumba, mlango ukimwita upande mmoja, mkewe upande wa pili. Kisha alikwenda, akaketi kando yake, kwa uzito, kama anayeshusha gunia. Najat akaketi sakafuni miguuni pao. Nathaniel akachukua pembe ya mbali, na Roza akashusha beseni lake tupu, akajibana katikati.

Ngosha alikuwa bado ukutani, hajui kama benchi lile ni lake pia. Hakuna aliyemkaribisha kwa muda mrefu.

"Kaa," Mboni akamwambia mwishowe, bila kumtazama, akasogea kidogo. "Mkuu akija, wewe ndiye utakayeanza kusema."